Gari la Kuchinja: Je, Land Rover Kuukuu Ifufuliwe kwa Viungo vya Nyingine?

Ni nadra kusafiri mbali na barabara kuu za Afrika ya Mashariki bila kukuta Land Rover ya zamani imeegeshwa nyuma ya duka, shule au ghala la shamba, magurudumu yamezama ardhini na nyasi zimepenya sakafuni. Mwenyewe ukimwuliza atakwambia kwamba gari halijafa, lasubiri fundi tu. Mara nyingi asemayo ni kweli. Lakini siku fundi afikapo huzuka swali ambalo fedha peke yake haiwezi kulijibu. Je, gari lirudishiwe viungo vya asili yake kimoja kimoja, au litafutwe gari jingine, la miaka ya karibu zaidi, lichinjwe, na viungo vyake vihamishiwe katika hili la kale?

Neno hilo "kuchinja" ni la mafundi wa gereji, nasi twalichukua kama lilivyo kwa sababu lasema kweli: gari lililochinjwa halirudi barabarani. Shabaha ya makala haya si kumfunza msomaji kufungua nati. Twataka kuonyesha kwamba uamuzi huo, ambao aghalabu hufanywa kwa mazoea au kwa tamaa ya mwendo, waweza kufanywa kwa kanuni zilezile za fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Tuchukue mfano mmoja na tubaki nao: pikapu ya Land Rover Series III ambayo umbali baina ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, yaani mita 2.77. Magari ya Series III yalitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ya silinda 4 ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na hutoa nguvu za farasi zipatazo 70. Gari la kuchinja lililo mashuhuri kwa kazi hii, hasa Uingereza ambako yote mawili yalizaliwa, ni Land Rover Discovery ya kwanza. Gari hilo lilitolewa mwaka 1989 likiwa na injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,495, tabo, na nguvu za farasi 111. Injini hiyo haina kompyuta. Pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa mkanda wa meno, na ikishawaka huhitaji waya mmoja tu wa kuifungulia dizeli. Kwa fundi wa kijijini sifa hiyo yazidi thamani ya farasi zote 111.

Magari haya mawili ni ndugu, ila hufa vifo tofauti. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na bati la chuma lilikuwa adimu; basi kampuni ya Rover ililivika gari lake aloi ya alumini, na chuma kikabaki katika chesisi na sehemu chache nyingine. Alumini ikiguswa na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi ulioshikamana nayo, na utando huo huizuia isiendelee kuliwa. Kutu ya chuma haina tabia hiyo: hubanduka, ikafichua chuma kipya, nacho kikaliwa. Chesisi ni bomba la pembe nne lililo wazi ndani. Tope huingia, hulala humo, na gari likiwa la Tanga, Mombasa au Unguja chumvi hufanya mengine. Ndiyo maana Series nyingi za pwani zina nguo nzima na mifupa mibovu. Palipo na alumini iliyofungwa moja kwa moja juu ya chuma, na unyevu wa chumvi katikati, mambo hugeuka. Hapo huundwa seli ndogo ya umeme, na kwa kuwa alumini ni amilifu kuliko chuma, ndiyo inayoliwa na kuacha unga mweupe.

Discovery nayo, chini ya mabamba yake ya alumini, ina kiunzi na sakafu ya bati la chuma jembamba. Sakafu ya nyuma huoza, kiunzi huoza, hata mkaguzi akilikataa gari huku injini yake ingali na maisha marefu. Mmoja amebaki na mwili, mwingine amebaki na moyo. Si ajabu watu wakafikiri kuwaunganisha.

Kabla ya kuunganisha cho chote, yafaa kujua ni kiungo kipi hasa kilichokufa. Wengi hununua gari la kuchinja kwanza, kisha ndipo wapime la kwao, na hilo ni kuanza safari kwa kulipa nauli ya kurudi. Chesisi hugongwa kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya debe lenye mchanga. Mahali pa kushuku ni boriti ya nyuma kabisa, mashikio ya springi, na mikono inayobeba ukuta wa mbele wa kibanda cha dereva. Kisha hupimwa unyoofu. Gari likiwa juu ya sakafu bapa, timazi hushushwa kutoka katika kila shikio la springi, na palipogusa huwekwa alama ya chaki. Alama nne za mashikio yanayolingana hufanya umbo la pembe nne. Ikiwa pande zinazokabiliana ni sawa na vitalu vyake viwili pia ni sawa, chesisi haikuvutwa upande. Vitalu vikitofautiana ilhali pande ni sawa, umbo limekuwa msambamba. Gari hilo lilipata kugongwa, na hakuna injini itakayolifanya liende sawa.

Chesisi ikionekana nzima, shauri jingi limekwisha, maana sababu kubwa ya kuchinja gari zima imeondoka. Ikiwa imeoza, bado si lazima kuazima mifupa ya gari jingine. Viwanda kadhaa vya Uingereza hutengeneza chesisi mpya za Series kwa vipimo vya asili, tena zilizochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki ni amilifu kuliko chuma, nayo huliwa badala yake. Bei yake, pamoja na meli na ushuru, ni kubwa kwa mkazi wa Iringa au Kitale; hata hivyo ni bei moja inayojulikana, na kazi ya kugeuza chesisi isiyo yake haina mwisho unaojulikana.

Sasa tuseme chesisi ni nzima na injini ndiyo iliyokufa. Injini ya zamani yaweza kuchongwa silinda na kutiwa pistoni za saizi kubwa zaidi, kwani spea zake zingali zinatengenezwa. Lakini mwenye gari ataka dizeli, na ataka kupanda mlima bila kupitwa na baiskeli. Je, anunue injini peke yake au Discovery nzima iliyooza? Hapa twasema bila kusita: akiweza, anunue nzima. Injini iliyolala juu ya tairi la zamani sokoni haisemi lo lote. Injini iliyomo garini huwashwa ikiwa baridi, moshi wake hutazamwa, gari huendeshwa kilimani, na mgandamizo wa kila silinda hupimwa na kulinganishwa na wa jirani zake. Gari zima huja pia na vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka avikose: rejeta, mabomba, bolti za urefu wake halisi, shikio dogo la kebo. Kazi nyingi za namna hii hukwama miezi kwa ajili ya kipande cha bomba.

Injini ya 200Tdi ni ya ukoo mmoja na ile ya petroli ya zamani, hivyo kuiunganisha na giaboksi ya Series kwawezekana kwa kubadili vipande vichache. Tabo ya Discovery imekaa chini, na nafasi yake kando ya chesisi ni ya kupimwa mapema. Hayo ni mambo ya fundi. Matata yenyewe huanza katika hesabu ya gia.

Katika Series, gurudumu likizunguka mara 1, shafti inayoingia katika difu huzunguka mara 4.7. Kabla ya hapo ipo giaboksi ndogo inayogawa mwendo kwa ekseli mbili, nayo katika gia za juu ina uwiano wa 1.148. Gia ya nne haibadili kitu. Basi injini huzunguka mara 4.7 × 1.148, yaani mara 5.4, kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi ya 7.50-16 husogea mita 2.45 hivi kwa mzunguko. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gurudumu huzunguka mara 544 kwa dakika, na injini mara 2,940. Ukitaka kilometa 100, injini itapiga mizunguko 3,670. Injini ya 200Tdi hufikia nguvu zake za juu kabisa katika mizunguko 4,000, na kani yake kubwa ya kuzungusha hupatikana katika 1,800 tu. Kuisafirisha toka Moshi hadi Dar es Salaam katika 3,670 ni kumlazimisha mpagazi akimbie.

Katika Discovery jambo hili halikutokea, kwa kuwa difu zake ni za 3.54, giaboksi ndogo ni 1.222 na gia ya tano ni 0.77. Zidisha, utapata 3.33, kwa tairi ileile na kilometa 100 kwa saa injini ingezunguka mara 2,265. Kumbe mwendo mtulivu wa Discovery haukuwa sifa ya injini pekee. Ulikuwa mali ya injini, giaboksi na difu kwa pamoja, na aliyehamisha injini peke yake amehamisha theluthi ya mali hiyo.

Basi kwa nini asihamishe na difu? Katika Series fupi ya inchi 88 hufanyika hivyo: kikombe kizima cha difu ya 3.54 hutoka na kuingia katika ekseli ya zamani. Pikapu yetu ya 109, kwa bahati mbaya, ina nyuma ekseli nene ya aina ya Salisbury, ambayo meno yake hayatoki kwa kikombe. Hupangwa ndani ya kasha lenyewe kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Wala haiwezekani kubadili ya mbele na kuiacha ya nyuma. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiagizwa kwenda kwa mwendo tofauti huku yamefungwa pamoja katika gia za magurudumu manne, lazima kitu kiteleze au kivunjike. Njia nyepesi kwa gari la namna hii ni kutia gia ya ziada nyuma ya giaboksi, itakayopunguza mizunguko ya injini kwa asilimia 22 hivi. Injini ya mpagazi wetu ingeshuka toka 3,670 hadi 2,870.

Tukiwa bado juu ya gia, natutazame upande wa pili, ule wa mwendo wa polepole. Injini ya petroli hutoa kani ya kuzungusha ipatayo newtoni-mita 165. 200Tdi hutoa 265. Katika gia ya kwanza ya chini kabisa, Series III huzidisha kani hiyo mara 40.7. Ukiacha hasara ya msuguano, ekseli zilizozoea newtoni-mita 6,700 sasa zaweza kuletewa 10,800. Kwenye tope haidhuru, kwani tairi huteleza kabla kani haijafika huko. Lakini gari likiwa na mzigo, gurudumu limekwama baina ya mawe na dereva ana hasira, tairi haitelezi, na kinachosalimu amri ni shafti nyembamba iendayo toka difu hadi gurudumuni. Salisbury ya nyuma itastahimili. Ekseli ya mbele haikutengenezwa kwa mgeni huyu, na dereva apaswa kuambiwa hivyo kwa maneno makavu.

Hayo yote ni ya kwenda. Kusimama ni jambo jingine, na hapa ndipo uamuzi huu unapogusa uhai wa watu. Gari lenye masi ya kilogramu 2,000 likienda kilometa 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya kilojuli 278. Likienda kilometa 90 kwa saa, mita 25 kwa sekunde, lina kilojuli 625. Mwendo umeongezeka kwa nusu, nishati imezidi maradufu. Nishati hiyo haina pa kwenda ila kuwa joto katika breki. Breki za drami za Series hukandamiza viatu kwa ndani. Drami ikipata moto hutanuka na kujitenga na kiatu, na dereva huona pedali ikizama. Discovery ilipewa breki za diski magurudumu yote manne: diski ikipata moto hunenepa kuelekea pedi, na upepo huipoza waziwazi. Aliyechukua injini ya Discovery na kuziacha breki zake amelipa gari la kale uwezo wa kufika bondeni kwa mwendo ambao halikupewa uwezo wa kuusimamisha. Mteremko wa Kitonga hausamehe hesabu hiyo.

Yumkini hata sasa msomaji amekwisha ona tamaa inayofuata. Ikiwa injini yataka giaboksi, giaboksi yataka difu, na mwendo wataka breki, kwa nini tusichukue chesisi yote ya Discovery pamoja na kila kilichofungwa juu yake, tukaivika mabati ya Land Rover ya kale? Katika karatasi wazo hili ni zuri, kwa sababu huhamisha mfumo mzima na kuuacha bila kuutenganisha. Wapo walioufanya kwa ufanisi, hasa kwa gari la inchi 88. Lakini chesisi ya Discovery ni ya inchi 100. Kwa pikapu ya 109 imepungua inchi 9, sawa na sentimita 23, tena mashikio yake ya kubebea mwili hayakai mahali pamoja na ya Series, hivyo yote ni ya kukatwa na kuchomelewa upya.

Tuseme mtu akakataa kukata karai la mizigo, akaliacha urefu wake litokeze nyuma. Kilogramu 800 za mahindi zilizokuwa juu ya ekseli ya nyuma sasa ziko sentimita 23 nyuma yake. Chesisi imekuwa wenzo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. 800 × 0.23 gawanya kwa 2.54, yaani umbali mpya wa ekseli kwa mita: kilogramu 72 zimeinuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yaletayo usukani, na kuongezwa nyuma. Barabarani kukavu dereva hatajua. Atajua kwenye kona yenye mvua.

Wengine hujaribu njia ya katikati, kuzichukua ekseli za Discovery zenye diski na kuzifunga chini ya chesisi ya Series. Hapa pana kosa la kutojua kazi ya springi. Springi ya Series ni bamba za chuma zilizolaliana, nayo hufanya kazi mbili: hubeba uzito, tena huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Springi ya Discovery ni ya koili. Hubeba uzito basi. Ekseli yake hushikwa na mikono na vyuma vya pembeni vilivyofungwa kwenye chesisi, na kani yote ya breki hupita humo. Kuviweka vyuma hivyo juu ya chesisi ya miaka 40, ambayo bati lake limekwisha kukonda kwa kutu, ni kumwachia mchomeleaji roho za abiria.

Liko pia jambo la utambulisho. Namba ya chesisi na ya injini zimeandikwa katika kadi ya gari, na injini ikibadilishwa mamlaka hazina budi kuarifiwa. Chesisi ikibadilika swali huwa zito zaidi: gari hili ni lipi? Uingereza, kwa miaka mingi, swali hilo lilijibiwa kwa pointi. Chesisi ya asili, au mpya ya vipimo vilevile, ilihesabiwa pointi 5. Springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini pointi 1 tu. Gari lililopata 8 lilihifadhi namba yake ya zamani. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2025, lakini uzito uliopewa kila kiungo wastahili kutafakariwa: injini, ambayo wengi huiona ndiyo gari, ilihesabiwa kuwa kitu kidogo kuliko vyote.

Kwa pikapu yetu, basi, sisi tungeamua hivi. Kama chesisi ni nzima, tungeichukua injini ya Discovery kutoka gari zima lililojaribiwa, tungeishikiza kwa mashikio ya kufungwa kwa bolti ili siku moja iweze kutoka bila msumeno, tungeongeza gia ya ziada, na tungezifanya breki kuwa mpya kabla injini haijawashwa hata mara moja. Kama chesisi imeoza, tungeweka akiba ya kununua chesisi ya vipimo vyake, hata ikichukua miaka miwili. Na kama Discovery yenyewe inayouzwa ingali na sakafu nzima na inatembea, tusingeichinja kabisa; zile za kwanza nazo zinaadimika, na mwenye kutaka mwendo na utulivu angeweza kuiendesha kama ilivyo. Gari la Series lililo adimu kweli, mathalani la miaka ya mwanzo tangu 1948, tusingeliguza kwa kiungo cha kigeni hata kwa bei ya bure.

Mwalimu aliye na Land Rover ya zamani karibu na shule aweza kuwaonyesha wanafunzi uwiano wa difu bila kufungua kitu. Gari lisimame mahali bapa, gia ziwe huru, na gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na kuegeshwa juu ya stendi. Magurudumu mengine yote yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Tahadhari hii ni ya lazima: breki ya mkono ya Land Rover haikamati magurudumu, hukamata shafti inayotoka kwenye giaboksi, hivyo gurudumu moja la nyuma likiwa hewani difu huliruhusu gari kubingirika hata breki hiyo ikiwa imevutwa. Magogo yakishakaa, breki ya mkono ifunguliwe. Mwanafunzi mmoja achore alama ya chaki juu ya shafti na ahesabu, akiwa pembeni na si chini ya gari, huku mwenziwe akizungusha gurudumu lililoinuliwa mara 2 kamili. Gurudumu la upande wa pili limesimama, kwa hiyo meno makubwa ya difu yatakuwa yamezunguka mara 1. Shafti ikizunguka karibu mara 5 kasoro robo, difu ni ya asili, 4.7. Ikizunguka mara 3 na nusu, yupo aliyekwisha kulitembelea gari hilo na viungo vya jingine.